Masika ya Kusafisha Nyumba ya Widad

Jumatatu, 14 Aprili

Hoteli imefungwa leo mpaka Julai. Wageni wamekwisha, mvua imeingia, na mimi mtunza stoo nimeambiwa nikae nyumbani, niwe napita mara moja moja kutizama panya. Kitabu hiki nilikikuta kwenye droo ya ofisi, cha mwaka huu, hakina hata herufi moja. Sijapata kuandika shajara. Nilisoma mpaka darasa la nane nikaishia hapo. Lakini kukaa bure kwanitia wazimu, na mke wangu Harusi amesema bora niandike kuliko kumfuata jikoni kumwambia chumvi imezidi.

Jioni nilikwenda Shela, hapa hapa Malindi, kumtizama dada yangu Widad. Yuko eda. Mumewe, Bwana Uweis, alifariki Februari baada ya kulala kitandani muda mrefu. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, hajipambi, haonekani na wanaume wa kando. Mimi ndugu yake wa tumbo moja naingia bila shida.

Nyumba imechoka. Maji ya kisima cha pale ni ya chumvi, yameacha utando mweupe bafuni kote. Kuta zimeota ukungu. Harufu ya ugonjwa bado imo kwenye mapazia. Eda itakwisha katikati ya Juni, na watoto wa marehemu, wale wa mke wa kwanza, watatoka Mombasa waje kwenye dua. Najua watatizama nini. Watatizama nyumba ya baba yao ilivyotunzwa, kisha watamtizama dada yangu.

Nimemwambia, "Nyumba niachie mimi."

Jumamosi, 19 Aprili

Kampuni moja ya usafi ilituma kijana na tai shingoni. Akapima vyumba vyote, akataja bei. Nikamuuliza, "Mwanangu, waniuzia nyumba ama wanisafishia?" Widad alikuwa nyuma ya mlango wake, nikamsikia akicheka. Hajacheka tangu msiba.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kutwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimepata watu. Kwenye simu tuna kundi letu la watunza nyumba na mahoteli, na mtu alitia tangazo la mama mmoja wa Sabaki, usafi wa kitaalamu, bei ya kuongea. Nikampigia, akaja leo kutizama kazi. Nilidhani nitaona mtu na fagio. Akaja na ovaroli ya buluu, mabuti, jina limeshonwa kifuani: Kadii.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko na huyu Pola, mkaza mwanangu. Tuko wawili lakini twafanya kazi ya watano."

"Basi nitawalipa wawili."

"Utalipa kazi, baba. Watu hatuuzi."

Nikambana bei. Nilijua msimu umekufa na nyumba za wageni zimefungwa, naye alijua kwamba nimejua. Tulifika mahali nikaona haya, nikabana tena kidogo. Akakubali. Akataka siku mbili, nikamwambia moja, kwa sababu siku hiyo hiyo nimemwita Ziro fundi wa rangi apake ukuta wa nje.

"Usafi na rangi havikai siku moja, baba."

"Vitakaa."

Akatizama mlango uliofungwa, akauliza mwenye nyumba yuko wapi amsalimie. Nikamwambia yuko eda. Akausogelea. "Pole sana mama. Mungu akutie nguvu."

"Nimeshapoa," Widad akajibu kutoka ndani. "Kinachoniumiza sasa ni hii nyumba. Mkinitolea hii harufu ya dawa nitawapikia mkate wa sinia."

"Twaja na tumbo tupu basi."

Wakaongea wanawake watatu kupitia ubao wa mlango mpaka nikachoka kusimama.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Kazi imesogezwa mpaka kukauke.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshindwa kula. Naandika.

Leo jua lilitoka. Kadii na Pola walikuja mapema, Ziro alikuwa keshaweka ngazi mbele ya nyumba. Nikaamrisha madirisha yote yafungwe na mapazia yashushwe, kwa sababu mwanamume yuko juu ya ngazi na mwenye eda yumo ndani. Kadii alisema joto litawaua, akaomba lile dirisha dogo la bafuni tu. Nikamwambia hata hilo.

Walifanya kazi vizuri, sitasema uongo. Kadii alitoa vitu vya sebuleni akasugua chini kwa magoti. Pola akaingia bafuni, akamwaga dawa ya jiki sakafuni ilowe, akaanza kusugua ukuta. Karibu na adhuhuri wakachanganya dawa zao, sijui walichanganya nini, hewa ikawa mbaya mle bafuni. Mlango wa bafu umevimba kwa mvua, ukishafungwa haufunguki ila kwa nguvu. Pola alikuwa ndani.

Mimi nilikuwa nje na Ziro. Nilisikia mtu anagonga mbao, nikadhani ni Kadii anapiga zulia. Kisha Ziro akasema kutoka juu ya ngazi, taratibu, kama mtu asiyeamini, "Mzee, huyo si dada yako?"

Nikageuka. Widad alikuwa barazani, nje kabisa, mbele ya njia, kichwa wazi, kanga imefungwa kifuani, anamburuta Pola kwa makwapa. Nywele zake zimejaa mvi, nami sikujua. Watu wawili wa pikipiki walisimama. Mama wa duka la mkaa alijifunika mdomo. Widad hakumtizama mtu. Alimlaza yule mwanamke kwenye saruji, akamfungua ovaroli kifuani, akapiga kelele aletewe maji.

Midomo ya Pola ilikuwa imebadilika rangi. Povu. Alikuwa anavuta pumzi na pumzi haiingii, sauti yake kama pampu ya kisima iliyokosa maji. Kadii alikuja mbio na kitambaa mkononi, akaanguka karibu yake akisema neno moja kwa Kigiriama, tena na tena.

Nilimtupia Widad koti langu. Nikamwambia, "Ingia ndani, watu wanakuona." Ndilo neno la kwanza lililonitoka.

Jumatano, 7 Mei

Pola yuko hospitali, amewekewa hewa puani. Daktari, mwanamke mdogo mwenye miwani, ameniuliza mgonjwa amevuta nini. Nikasema hawa walichanganya dawa zao.

"Dawa zipi?"

"Sijui. Mimi si mtu wa usafi."

Kadii alikuwa amekaa chini ukutani, ovaroli haijavuliwa tangu jana. Alinisikia.

Nilipotoka nilituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la watunza nyumba. Nilisema jihadharini na Kadii wa Sabaki, hajui kazi, nusura aue mtu nyumbani kwa dada yangu. Wakanipa pole nyingi. Mmoja akasema bei rahisi ndizo hizo. Mwingine akasema alikuwa amwite wiki ijayo, amenishukuru.

Ijumaa, 9 Mei

Maneno yamezagaa Shela. Yule mtoto wa watu anayepumua kwa mpira hata hawamtaji. Wanamzungumza Widad. Mjane ametoka kichwa wazi mchana mbele ya fundi wa rangi. Wengine wanasema eda yake imevunjika, aanze upya. Baada ya sala nikamuuliza imamu. Akanitizama kama sina akili. "Bwanamkuu, mtu anakufa, yeye akae anangoja nini? Mwambie dada yako Mungu amlipe kheri."

Nilikwenda kumwambia. Nilisalimu mlangoni, hakujibu. Nikasema maneno ya imamu, hakujibu. Nikadhani amenikasirikia kwa kumwambia aingie ndani.

Jumapili, 11 Mei

Niliyoandika Jumanne si kweli. Nimeyasoma leo nikaona mwandiko ni wangu na maneno ni ya mwizi. Hiki kitabu hakisomwi na mtu, na hata humu nimedanganya.

Hawakuchanganya kitu. Ni mimi.

Ilikuwa hivi. Pola alisugua tangu asubuhi na ule utando wa chumvi haukutoka. Kazi ilikuwa haiishi, na mimi nilikuwa nimesema siku moja. Nilikuwa na asidi, nimeitoa stoo ya hoteli bila kumwambia mtu, nimeitia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nikaingia bafuni nikamwambia, "Hebu nipishe, nyinyi mwachezea." Hakuwa na pa kunipisha, bafu ni dogo. Alisogea pembeni akachutama akaendelea kusugua pembe ya ukuta, amenipa mgongo. Nikamwaga sakafuni, juu ya ile jiki. Kisha nikatoka nikafunga mlango, Ziro asije akachungulia ndani.

Na nilikuwa najua. Hilo ndilo linalonila. Miaka yote stooni ni mimi ninayewaambia vibarua wapya: asidi rafu ya chini, jiki rafu ya juu, visikutane hata kwa bahati mbaya, vikikutana hutoa hewa ya kuua. Nimewaambia hivyo mpaka wananiigiza nikipita.

Chupa niliitia kwenye mfuko wa takataka watu wakiwa barazani wamemzunguka. Pola anavuta pumzi kwa taabu na mimi natafuta mfuko wa takataka.

Jumatano, 14 Mei

Pola ametolewa hospitali. Kifua bado.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui niandike vipi ya leo.

Kadii alikuja nyumbani kwangu baada ya sala. Nilipomuona langoni nikajua amejua. Amekuja na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Harusi akamkaribisha, akamwekea mkeka. Akakataa kiti.

"Baba, nimekuja kutaka radhi."

Nilimuuliza radhi ya nini.

"Mino, mimi mwenyewe, ndiye niliyemfundisha Pola kazi. Mwanangu yuko Taita kwenye migodi, mkewe ameniachia mimi, na mimi nimempeleka kwenye sumu." Alikuwa anaongea akitizama mkeka. "Nimefikiria na kufikiria. Ile ndoo ya kijani niliinunua sokoni, imetumika. Labda ilikuwa na kitu ndani. Nimefikiria hiyo ndoo mpaka nimeichoma moto."

"Umeichoma?"

"Nimeichoma. Na brashi zake. Pola amesema labda ni jiki imeharibika, lakini jiki ni ile ile ya siku zote." Akanyoosha pembe ya mkeka. "Wateja wameniambia nisirudi. Wote. Walinichezea ile sauti yako kwenye simu. Sikulaumu, baba. Mtu akikuletea kifo nyumbani utasema. Bi Widad nimemvunjia eda yake. Naomba umwambie anisamehe."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Harusi yuko, Kadii yuko, hakuna mwingine. Nilifungua mdomo.

Nikasema, "Nimekusamehe."

Akanishukuru. Akainama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ngozi ya vidole vyake imebabuka kwa sabuni.

Alipoondoka Harusi akaniambia, "Una moyo, Bwanamkuu. Mwingine angemfukuza." Akaenda kuning'iniza ndizi.

Jumamosi, 17 Mei

Sikulala.

Jumatano, 21 Mei

Widad amesema nami.

Nilimpelekea samaki kama kawaida. Nikaweka chini, nikataka kwenda. Akasema kutoka ndani, "Kaka, kaa hapo hapo." Nikakaa kwenye kiti cha marehemu.

"Bafu na chumba changu ni ukuta mmoja," akasema.

Nikatizama mlango wake.

"Nilikusikia ukimwambia akupishe. Nikasikia kitu kinamwagwa. Nikasikia mlango. Kisha nikamsikia yule mtoto anakohoa, nikasema atatoka. Hakutoka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi.

"Nilikuachia wewe. Jioni ile nikasema ameshituka, hajajijua. Nikangoja Ijumaa, nikasema atatoka msikitini atakuja. Ukaja, ukaniambia habari ya eda yangu. Juzi Harusi amenipigia simu kunisifia. Kwamba yule mama amekuja na ndizi, nawe umemsamehe." Nilisikia shanga za tasbihi yake zikigongana. "Umemsamehe, kaka?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kufungwa?"

Nikafikiria. Nikamwambia kweli, sikuogopa kufungwa. Niliogopa kuonekana.

"Mimi nilionekana," akasema. "Njia nzima imeniona. Sikufa."

Kisha akasema hivi, na sauti yake ilikuwa ya mama yetu kabisa: "Sitakusemea. Eda yangu ikisha, mguu wangu wa kwanza ni Sabaki. Nitakayoyasema huko nitayasema. Ukitaka nikukute umeshafika, njia ni hiyo."

Nimerudi kwa miguu chini ya mvua. Mimi na Widad tumenyonya titi moja, na leo nimemwogopa kama hakimu.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemwambia Harusi siwezi kutoka, barabara ina matope. Barabara ya Sabaki ina lami.

Jumatano, 28 Mei

Nilifika stendi. Nikanunua nyanya nikarudi.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imepungua. Nilipita hotelini kutizama stoo. Nikasimama mbele ya rafu mbili, ya chini na ya juu, nikasimama mpaka askari wa lango akaja kuuliza kama naumwa.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nilichinja, nikampelekea Widad fungu lake. Akarudisha sahani na nyama yake juu. Amesema nipeleke Sabaki.

Jumanne, 10 Juni

Nimekutana na Ziro dukani. Ametoka Marereni kupaka ofisi ya kampuni ya chumvi.

"Yule mama wako wa usafi nimemuona kule," akasema. "Anabeba chumvi."

"Kadii?"

"Huyo huyo. Ameniuliza hali yako. Miguu imepasuka, mzee, ile chumvi inaingia mpaka ndani. Nikamuuliza, wewe si una biashara yako? Akacheka. Akasema biashara imekufa, Mungu amemhifadhia mtu tu."

"Mtu gani?"

"Si yule msichana. Anasema hawezi hata kuteka maji, akiinua ndoo anakohoa."

Ziro akanunua sigara yake akaenda. Mwenye duka aliniuliza nataka nini, nikasahau.

Huyu mwanamke nilimbana bei kwa sababu nilimuona ni mtu wa kubanwa. Nilimuona na ovaroli yake na jina lake kifuani nikasema moyoni, anajifanya. Sasa namfikiria na miguu yake kwenye chumvi akiuliza hali yangu, na naona sijapata kumjua mtu hata mmoja katika hii Malindi, labda hata ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia Harusi. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema yote, tangu stoo mpaka mkeka. Hakuniangalia, mikono ikaendelea kwenye ungo. Nilipomaliza akachagua kijiwe kimoja, akakitupa.

Kisha akauliza, "Zile ndizi tulizila zote?"

Nikasema ndiyo.

Akasukuma ungo, akaingia chumbani. Nimelala sebuleni.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetuma ujumbe wa sauti kwenye lile kundi. Nilijaribu mara nyingi, nafuta. Mwisho nikasema moja kwa moja: Mimi Bwanamkuu, mtunza stoo, niliwaambia Kadii wa Sabaki hajui kazi. Nilisema uongo. Kadii hakukosa kitu. Mimi nilimwaga asidi juu ya jiki chumba kimefungwa na mtu yumo ndani, na asidi yenyewe niliitoa hotelini bila ruhusa. Aliyemfukuza Kadii kwa maneno yangu amrudishe.

Kisha mmoja akaandika, "Lo." Kisha wengine wakatoka nayo, sikuendelea kusoma.

Meneja alipiga simu kutoka Nairobi. Hakupiga kelele. Ameniambia nilete funguo Jumatatu na nisiwe na haja ya kuja Julai.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda Sabaki.

Nilichagua Jumapili ili nimkute. Walikuwa wametoka kanisani, Kadii amevaa gauni zuri la maua, anamenya muhogo nje. Pola yuko kwenye kiti cha kamba, amejifunika leso kifuani ingawa jua lilikuwa kali. Kadii aliponiona alisimama akafuta mikono. Akafurahi. Hilo sitalisahau, alifurahi.

"Karibu baba. Pola, mletee baba maji."

"Asilete," nikasema. "Kaeni. Nimekuja kusema."

Nikasema nikiwa nimesimama. Nilidhani nitalia, sikulia. Maneno yalitoka makavu.

Kadii akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo ndoo yangu haikuwa na kitu."

"Haikuwa na kitu."

"Ndoo yangu nzima nimeitia moto." Akaketi chini pale pale kwenye maganda ya muhogo. "Nilikuja kwako kutaka radhi."

"Ulikuja."

"Ukanipa."

"Nilikupa."

Akacheka, kicheko kidogo, akamgeukia Pola. "Alinisamehe, huyu. Umesikia? Mimi nikarudi nikakwambia, mtu mzuri sana, amenisamehe. Nimekuombea kanisani, baba. Kwa jina."

Nikamwambia nimesema yote kwenye kundi, watu wamejua. Akasema ameshasikia simu zikilia tangu jana, hakuzishika, alidhani ni matusi. Nikasema nimekuja kutaka radhi. Akakitizama kile kisu cha muhogo mkononi, akakiweka chini.

"Leo sitakupa. Wewe ulinipa upesi mno."

Nikasema haki yake. Nikataka kuondoka. Pola akaniita, sauti yake imekwaruza, si ile niliyoisikia ikicheka na Widad kupitia mlango.

"Baba. Mlango ulifungia nini?"

"Kwa ajili ya fundi. Asichungulie, mwenye eda..."

"Fundi alikuwa mbele. Bafu liko nyuma."

Nikasimama. Kuku walikuwa wanapita katikati yetu. Hata humu kitabuni niliandika ni Ziro. Nilikuwa nimejiambia hivyo mpaka nikaamini, na sasa huyu mwanamke ananitizama kwa macho ambayo bado yana wekundu, anangoja.

"Harufu ilinipiga," nikasema. "Pale pale, nilipomaliza kumwaga. Nikajua ni nini. Nikafunga isinifuate."

"Ulijua nimo."

"Nilijua umo. Nikasema moyoni, itapungua."

Kadii alitoa sauti, si neno. Pola akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho alikuwa ameshakikisia.

"Nilikuita," akasema. "Ulipofunga tu. Nilikuita baba."

Nilisikia. Hilo nalo naliandika. Nilisikia, nikaendelea kwenda nje kumuuliza Ziro kama rangi itatosha.

Alhamisi, 19 Juni

Eda imekwisha. Widad ameoga, amevaa buibui lake jipya, ametia udi. Harusi amekuja kumchukua, wote wawili wamepanda tuktuk kwenda Sabaki na sinia la mkate limefunikwa kitambaa. Nikamuuliza Widad niende nao. Akanitizama, mara ya kwanza uso kwa uso tangu siku ile.

"Umeshakwenda," akasema. "Pale ni pao leo, si pako. Wewe nyumba uliniambia nikuachie."

Wakaenda. Nikafungua madirisha yote. Bafu lilikuwa hivyo hivyo tangu Mei, nusu ya ukuta imesuguliwa na nusu bado, na alama inaonyesha Pola alipofika. Nikachukua sabuni na brashi, nikapiga magoti. Utando ule hautoki. Unasugua mpaka bega linawaka, unatoka kidogo kama ukucha.

Sikusikia gari. Watoto wa marehemu walifika kabla ya wakati, wanaume watu wazima wawili na kanzu zao, wakaingia wakitafuta mtu, wakanikuta bafuni nimelowa, suruali imekunjwa.

Mkubwa alizunguka macho pale ndani. Akasema kwa upole, "Mjomba Bwanamkuu, mbona wewe? Hamkupata watu wa kusafisha?"

"Tuliwapata," nikasema. "Wazuri. Kaeni niwaambie."

Nikakaa kwenye kizingiti, brashi mkononi, nikaanza tangu mwanzo.